Majina Yapo, Fedha Hazipo

Umeme ulikatika saa moja na dakika kumi jioni, Jumatano moja ya Julai 2019, nikiwa nimebakiza risiti tatu za kuingiza. Feni ya kompyuta ilizunguka kidogo kwa mazoea, kisha ikanyamaza. Nje watoto walipiga ile kelele yao ya "Aaah!" ambayo kila mtaa wa Tanga unaijua. Sikushtuka. Nilifunga kitabu cha risiti, nikaenda kukaa barazani na Mama.

Saa tatu usiku ikaja habari ya msiba. Bibi aliyekuwa akituuzia maandazi tangu nasoma shule ya msingi alikuwa ameaga dunia. Baada ya muda mfupi simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana.

"Mwanangu, hebu tuangalizie bibi yetu amelipa mpaka mwezi gani. Kesho baada ya adhuhuri tunazika."

"Umeme ukirudi tu, mzee."

Chama chetu kina kaya 86. Kila kaya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukifiwa, chama kinanunua sanda, kinakodi gari, na familia inakabidhiwa laki tatu mkononi. Anayedaiwa miezi mitatu au zaidi tutamzika, maana mtu hazikwi na kadi, lakini laki tatu hazitoki. Ni sheria ngumu, na aliyeisimamia kwa miaka kumi na tatu bila kugombana na mtu ni Baba, katibu wa kwanza wa chama.

Mwaka 2005 Baba alinunua kompyuta iliyotumika yenye Windows XP, akanunua na kitabu, akajifundisha Access kila jioni baada ya isha. Alichotengeneza, nikikiita hifadhidata nitakuwa ninamsifu kupita kiasi. Kilikuwa jedwali moja refu lenye safu tano: Jina, Mtaa, Mwezi, Kiasi, Maoni. Kila mtu akilipa, Baba aliandika mstari mzima upya, jina kamili na mtaa, hata kama jina hilo lilikwisha kuandikwa mara mia. Mwezi aliuandika kwa maneno. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimetoka kufundishwa kwamba taarifa moja haiandikwi mahali pawili, nikamwambia amekosea. Akanijibu, "Mimi nikisoma mstari mmoja nataka nijue ni wa nani." Nilicheka. Niliwahadithia hata wenzangu bwenini.

Mwaka 2015 ile kompyuta ilianza kujizima. Kabla haijafa kabisa niliichukua diski yake nzima kwa programu iitwayo Disk2vhd, nikaigeuza kuwa faili moja, nikaiweka kwenye kompyuta yangu ya mezani ndani ya VirtualBox. Hiyo ndiyo mashine pepe: kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta, ikidhani ina diski yake, kumbukumbu yake na skrini yake, kumbe vyote ameazimwa na mwenye nyumba. Mara ya kwanza ilikataa kuwaka, ikaleta skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, maana yake XP haikuitambua diski niliyompa. Nikaitoa kwenye SATA, nikaiweka kwenye IDE kama ilivyozoea. Ikawaka, na kile kilima cha kijani kikatokea ndani ya kidirisha. Baba alivaa miwani, akafungua jedwali lake, akashuka mpaka mstari wa mwisho.

"Umehamisha nyumba bila kubomoa ukuta," akasema.

Alifariki mwaka uliofuata. Kazi ya ukatibu ikaniangukia. Kuyahamisha yale majedwali kwenda Excel ni kazi ya mchana mmoja, na kila mwezi nilijiambia nitaifanya. Sikuifanya. Kuwasha ile mashine kulikuwa kama kuingia chumbani kwake na kukuta kalamu zake zipo pale pale. Nilichobadilisha ni kimoja tu. Baba alikuwa akimpa kila mwanachama kadi, anaisaini kila malipo. Mwaka 2017 nilizifuta kadi. Niliwaeleza wazee kwamba kuchapa ni gharama na kompyuta inatosha.

Umeme ulirudi saa nne na nusu. VirtualBox ilifunguka, lakini pembeni ya jina la mashine ya Baba paliandikwa kwa Kiingereza kwamba haifikiki. Nikaingia kwenye folda yake. Faili la .vbox, lile dogo linaloeleza mashine ina diski gani na kumbukumbu kiasi gani, lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Hapo sikuhangaika sana, kwa sababu VirtualBox huacha nakala ya zamani ya faili hilo, yenye mkia wa .vbox-prev. Niliibadilisha jina, na mashine ikatokea. Nikabonyeza kuwasha huku ninatabasamu.

Skrini ya buluu. UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME, 0x000000ED.

Inafaa nieleze kilichotokea saa moja na dakika kumi. Windows ya ndani ikitaka kuwa na uhakika kwamba maandishi yamefika kwenye diski, hutoa amri ya kuyasukuma yote mpaka chini. Kwenye diski ya IDE, VirtualBox kwa kawaida huipuuza amri hiyo ili mambo yaende haraka. Inajibu "tayari", wakati maandishi bado yako kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya nje. Ni kama mtoto uliyemtuma dukani, ukimuuliza kutoka chumbani anakujibu "nishafika" na bado anatafuta ndara. Siku zote hakuna madhara. Umeme ukikatika katikati, XP inaamka na kukuta orodha yake ya mafaili inataja vitu ambavyo havikuwahi kuandikwa.

Na mimi nilikuwa na snapshoti. Miezi minne nyuma, Machi, kabla ya kuhangaika na printa, nilikuwa nimeihifadhi hali ya mashine ilivyo, na tangu siku hiyo nikawa ninalala nikijua nina bakapu. Kumbe ukichukua snapshoti, VirtualBox hainakili kitu. Inalifunga faili kubwa la diski lisiguswe tena, na kila kinachoandikwa baadaye kinakwenda kwenye faili jipya pembeni, linalobeba tofauti tu. Faili la Machi lilikuwa zima. Lililovunjika ni lile la tofauti, na ndani yake ndimo ilimokuwa kazi yangu yote ya Aprili, Mei, Juni na Julai.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya ili niliwashe lile la Machi peke yake. Nashukuru nilisita. Ukiliandikia faili la chini hata kidogo, lile la juu halioani nalo tena, na mlango wa kurudi umefungwa. Nikachomeka hadi diski ya nje na kunakili folda nzima, gigabaiti 14, kama dakika kumi za kuangalia mstari wa kijani ukitambaa. Mama alipita na kandili, hamwamini mtu wa umeme, akauliza, "Yamepatikana ya yule bibi?"

Bado.

Kwenye nakala, nililitengenezea faili la Machi pacha wake, nikalifungua kwa Ubuntu niliyoiwasha bila kuisakinisha. Jedwali la Baba likanakilika bila tatizo. Bibi wa maandazi: amelipa mpaka Machi. Kwa hesabu hiyo alidaiwa Aprili, Mei, Juni na hii Julai iliyoanza. Laki tatu hazitoki. Lakini mimi nilijua nimempokea fedha baada ya Machi. Nilikumbuka sinia lake mlangoni. Sikukumbuka mwezi, na sikukumbuka ni mara ngapi, kwa sababu nilikuwa nimeacha kukumbuka tangu nilipoanza kuitegemea kompyuta. Kitabu cha risiti kilichokuwa mezani kilianzia Julai. Vya nyuma nilikuwa ninavichana nikishaingiza.

Nilijaribu kulisoma jedwali la juu. Ubuntu ilifika robo ya faili, ikaleta kosa la kusoma. Nikajaribu tena, ikakwama pale pale. Ilikuwa saa nane usiku nilipoacha kuitaka mashine iwake na kuanza kutafuta maneno tu. Linux ina programu ndogo iitwayo strings. Unaipa faili lolote, hata lililosagika, nayo inakutolea kila kipande kinachofanana na maandishi. Nililipa lile faili la tofauti. Yakamwagika maelfu ya mistari: majina ya fonti, maneno ya Windows, anwani za printa. Nikachuja kwa neno "Ngamiani".

Wakaanza kutokea. Jina, mtaa, mwezi. Jina, mtaa, mwezi, maoni. Majirani zangu, mmoja baada ya mwingine, wameng'olewa kutoka kwenye jedwali lao lakini kila mmoja ameshika mstari wake mzima. Kama jedwali lingekuwa limepangwa nilivyomfundisha Baba, jina lingeandikwa mara moja kwenye jedwali lake, na mistari ya malipo ingebeba namba tu: mwanachama 17, mwezi wa 5. Na namba, kwenye Access, hazihifadhiwi kama maandishi. Strings haizioni. Safu ya Kiasi haikutoka hata moja. Majina yapo, fedha hazipo. Lakini ada yetu ni ile ile kwa wote, kwa hiyo mwezi ulitosha.

Mistari mingine ilijirudia mara mbili au tatu, maana mafaili huacha mabaki ya zamani nyuma yake, na mingine ilikatika katikati ya jina. Saa kumi kasoro nikampata: jina lake, Ngamiani, Mei, na kwenye maoni maneno yangu mwenyewe, "kaleta mjukuu". Amelipa mpaka Mei. Anadaiwa miwili.

Nilimpigia mwenyekiti palepale. Alikuwa macho, msibani.

"Tulishazitoa tangu saa tano," akasema.

"Sasa mzee, mbona uliniuliza?"

"Nilikuuliza ili nijue cha kujibu watu wakisema."

Na walisema. Si juu ya bibi, bali juu ya kila mtu. Habari kwamba kompyuta ya chama imekufa ilifika sokoni kabla yangu, na kwenye mkutano wa Jumapili mzee mmoja alisimama, akatoa mfukoni kadi yake ya zamani yenye saini za Baba, akaishika juu bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Kaya 55 nilizipata zote kutoka kwenye ule mmwagiko. Kwa 31 zilizobaki nilinunua daftari la kurasa 96, nikaenda mlango kwa mlango, majuma matatu. Wengi walijitaja pungufu. Mama mmoja alinirudisha nimfutie Juni, amekumbuka hakulipa, alimpa mwanawe nauli. Mwanamume mmoja alidai amelipa mpaka Desemba. Nilimwangalia, akaniangalia. Nikaandika Desemba, na kwenye maoni nikaandika "kwa neno lake", akaomba aone nimeandika nini. Akasoma. Kesho yake jioni alikuja barazani kusema labda ilikuwa Agosti.

Siku hizi jedwali liko Excel, na nakala kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa mwenyekiti. Kadi zimerudi. Safu ni tano zile zile, na jina kamili ninaliandika kila mstari. Mstari wa bibi nimeuandika upya ulivyokuwa: jina lake, Ngamiani, Mei, 2,000, kaleta mjukuu.