Kelele za Viti vya Nyuma

Kijana wetu anapokuja kusoma chuo kikuu hapa Uingereza, nyumbani huonywa kuhusu baridi, ada na marafiki wabaya. Sijasikia anayeonywa kuhusu darasa lenyewe. Mtu aliyezoea kusimama mwalimu anapoingia anajikuta ukumbini na wenzake tisini, mhadhiri anaitwa kwa jina lake la kwanza, na safu za nyuma watu wanapiga stori kama wako kituo cha daladala.

Mimi nilikuja na diploma ya uuguzi na miaka kadhaa ya wodini, nikaanza digrii pamoja na vijana wa miaka 18. Kuchelewa kwao hakukunisumbua sana. Kilichoniumiza ni vipindi vya hesabu za dawa. Mwanafunzi wa uuguzi hapa lazima afaulu mtihani wa hesabu hizo kwa asilimia 100. 98 ni kufeli. Mtoto wa kilo 16 akiandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 240. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, unampa mililita 10. Nukta ikihama mahali pake, umempa mara kumi. Mhadhiri anaeleza hayo, na huku nyuma video ya simu inapiga kelele. Siku moja dada mmoja kutoka Kongo alijibu swali, mtu akaigiza lafudhi yake, watu wakacheka. Hakunyoosha mkono tena muhula mzima.

Niwe mkweli, si kila kelele ni utovu wa adabu. Wenzetu wawili walikuwa wakitafsiriana kwa Kiswahili, nia yao njema kabisa, ila kwa aliyekaa mbele yao ni kelele zilezile. Baadhi ya wale wa nyuma walikuwa wametoka zamu ya usiku kwenye nyumba za kulelea wazee, wanaongea ili wasisinzie. Na wawili kati yao walikuwa na majina ya kwetu, wazazi wao Waswahili, wao wamezaliwa hapahapa.

Nimeona wahadhiri wakilishughulikia jambo hili kwa namna mbili. Mmoja alifoka na kumtoa kijana nje mbele ya watu. Kimya kilipatikana, ndiyo, lakini kuanzia siku hiyo hata maswali ya maana yalikwisha. Mwingine, mama wa makamo, alinyamaza katikati ya sentensi, akapanda ngazi taratibu mpaka safu ya nyuma, akaendelea kufundisha akiwa amesimama pale pale. Hakumtaja mtu. Kipindi kilipokwisha aliwaomba watatu wabaki, akazungumza nao faraghani. Huyo wa pili ndiye aliyejua kazi yake.

Juu ya hapo kuna taratibu za chuo, na kwa wauguzi zina meno. Mwisho wa kozi chuo hutakiwa kulithibitishia baraza la wauguzi kwamba mhitimu ana afya na tabia njema. Bila hivyo hasajiliwi. Vurugu za darasani zikirudiwarudiwa zinaweza kumfikisha mtu kwenye kikao kinachoamua kama anafaa kuwa muuguzi. Wazazi wenye watoto vyuoni, wasimulieni hili mapema.

Shida kubwa zaidi ni sisi tuliokaa mbele na kunyamaza. Rafiki yangu kutoka Mombasa aliniambia, "Dada, usijitie kimbelembele, watakugusa viza." Wengi wanaogopa hivyo, na wengine wanaogopa kuitwa wanoko. Lakini kulalamika kwa adabu si kosa la viza. Kinachoweza kuigusa viza ni kuacha kuhudhuria, maana chuo hulazimika kutoa taarifa kwa idara ya uhamiaji. Kwa hiyo anayekata tamaa na kelele akaanza kubaki chumbani ndiye anayejiweka hatarini.

Niliandika barua pepe fupi kwa mhadhiri, nakala kwa mwakilishi wa darasa: tarehe, kipindi, sehemu ya somo ambayo hatukuisikia, na ombi kwamba irudiwe. Sikutaja jina la mtu. Kuhusu lafudhi iliyoigizwa niliandika barua ya pili, kwa idhini ya yule dada, kwa sababu kumdhihaki mtu kwa asili yake hakufanani na kupiga soga, na vyuo vina utaratibu wake kwa hilo.

Wiki iliyofuata mhadhiri alitumia dakika kumi kukubaliana nasi: simu zizimwe sauti, anayechelewa aingie kwa mlango wa nyuma, anayehitaji kutafsiriwa apewe slaidi siku moja kabla. Kisha akarudia hesabu zote. Mmoja wa wale wasichana wa nyuma alinifuata maktaba tukafanya mazoezi pamoja, akafaulu mtihani mara ya pili. Mwenye video hakubadilika. Mwaka wa pili ulipoanza sikumwona, wala sikuuliza.