Kusi la Shimoni

Kusi likivuma, wavuvi wa Shimoni hawaendi mbali. Hubaki katika mkondo ulio baina ya bara na kisiwa cha Wasini, ambako mawimbi hupungua nguvu. Mwezi wa Julai, maji yakiwa ya baridi, tulichokiona zaidi huko ni madema: mitego ya kusukwa kwa mianzi, ndani yake mwani wa kumvuta tafi. Dema huzamishwa, likaachwa lilale, likaopolewa kesho yake.

Saa ya kuvua hupangwa na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hupwa sana kabla ya adhuhuri, na akina mama huingia mwambani kutafuta pweza. Baina ya bamvua mbili ni maji mafu. Mkondo hutulia, na mshipi hufika chini wima.

Hata hivyo, kapu la kusi huwa jepesi, na nje ya mwamba bahari imechafuka. Basi sisi tungojao nyumbani tusimsimange mvuvi kwa uchache wa kitoweo. Mbaazi za nazi zitatosha hadi kaskazi lirudi, inshallah. Kapu jepesi ni bora kuliko chombo kisichorudi.