Bunia ilipoanza kubakiza mifupa

Wanaoandika juu ya mapishi hupenda kutuambia kwamba supu ya mifupa ni ujuzi wa bibi zetu, na kwamba vijana wa siku hizi wameutupa. Kwa Bunia, mashariki mwa Kongo, sivyo. Bibi wa Nyakasanza au Mudzipela aliyelea watoto miaka ya 1970 hakuwa akichemsha mifupa ya kuku aliyeliwa jana, kwa sababu mifupa yenyewe haikuwa ikibaki.

Kuku wa wakati ule walikuwa wa kienyeji, wembamba, wakijitafutia nyuma ya nyumba, na kideri kikipita kiliweza kumaliza banda zima kwa wiki moja. Aliyenusurika alingoja mgeni. Mgeni akifika, kuku alikatwa vipande vidogo vidogo, akachemshwa mpaka ukapatikana mchuzi wa kutosha ukoo, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe: firigisi ya mgeni au ya baba mwenye nyumba, shingo na miguu ya watoto. (Kule Buganda mila ilikuwa kali zaidi, maana mwanamke hakutakiwa hata kumwonja.) Mifupa ilivunjwa kwa meno, uboho ukanyonywa. Mbwa aliyekaa mlangoni akisubiri alikuwa anapoteza muda wake.

Mama anayesimuliwa hapa, ambaye sasa ana wajukuu, alikulia katika nyumba ya namna hiyo, ila baba yake alikuwa mpishi wa wazungu. Kabla ya uhuru wa 1960 mzee huyo alipika katika nyumba ya Mbelgiji mmoja huko Bambu, makao ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Jumapili alichoma kuku mzima katika tanuri la kuni. Jumatatu mifupa ile ile iliingia sufuriani pamoja na karoti, kitunguu, poro na majani ya seleri, ikatokota asubuhi nzima, na saa sita mabwana wakanywa supu nyepesi ya rangi ya chai kabla ya chakula chenyewe. Mzee aliijua kazi hiyo vizuri mno. Kwake hakuipika hata mara moja. Tanuri angelitoa wapi? Na nani katika nyumba ya watoto wanane angebakiza mgongo wa kuku wenye nyama?

Kilichoingia katika nyumba za Bunia kabla ya supu ya mifupa kilikuwa kidonge cha mchuzi. Nacho kina historia ndefu. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig ndiye aliyetoa jina lake kwa rojo la nyama, na kampuni iliyoanzishwa 1865 ililitengeneza huko Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi na wa bei ya chini. Zilihitajika kilo 30 hivi za nyama kupata kilo moja ya rojo. Mwaka 1908 Julius Maggi wa Uswisi akaleta kidonge chake cha bei nafuu. Sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi, na kuku ndani yake ni wa kutafutwa kwa tochi. Hata hivyo mama huyu hakumbuki jiko la mama yake bila Maggi. Sombe yenye mafuta ya ngazi, ikikosa samaki wa Kasenyi, iliwekewa nusu kidonge, na bugali ikashuka.

Mabadiliko yalikuja na watu wenye bunduki.

Vita vya Ituri vilianza 1999. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, makundi yenye silaha yaligombea mji mtaa kwa mtaa, na maelfu ya raia wakakimbilia uwanja wa ndege na kando ya kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 ya mwezi huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na Juni kikafika kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, kwa jina la Artemis. Septemba kilikabidhi mji kwa MONUC. Nyuma ya askari walikuja waandishi wa habari, madaktari na wafanyakazi wa mashirika, wote wenye dola na wote wenye njaa. Mikahawa ikachipuka kandokando ya barabara kuu, Boulevard de Libération, na sahani iliyotoka kuliko zote ilikuwa nusu kuku wa kuchoma na vibanzi.

Mama huyu, aliyerudi mjini na watoto na godoro moja, alipata kibarua cha kuosha vyombo katika mkahawa mmoja. Jambo la kwanza lililomshtua ni namna wageni walivyokula kuku kwa uma na kisu. Kisu hakifiki kwenye kiungo. Sahani zilirudi na mabawa mazima, migongo yenye nyama, ngozi iliyoungua vizuri imesukumwa pembeni. Na jikoni kwenyewe mpishi alikuwa akichambua vidari vya kuku kwa ajili ya saladi na mikate, kisha anaitupa mifupa ya kifua na mgongo ambayo hakuna mdomo uliowahi kuigusa. "Unatupa ile ya nini?" alimwuliza. "Mifupa tu, mama." Jioni hiyo aliibeba kwenye ndoo yenye kifuniko, na kichwani akawa anasikia maelekezo ya baba yake, ambayo alidhani hayatamfaa maishani.

Alivyoipika ndivyo anavyoipika hadi leo. Mifupa huvunjwa kwenye viungo kwa mwichi, maana kwenye viungo ndiko kuna gegedu. Maji ni ya baridi, yakizidi mifupa kwa vidole viwili. Kitunguu hukatwa mara mbili na kuingia na maganda yake, hutoa rangi. Chumvi hapana, kuku wa kuchoma ana yake tayari. Ikianza kuchemka, makala ya mbabula hufunikwa majivu ili mapovu yapande moja moja tu, kwa kuwa ikichemka kwa fujo mafuta huchanganyika na maji na supu ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Bunia iko mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo, wala si 100. Maharage hulalamika kwa hilo na huchelewa kuiva. Mifupa haijali: kolajeni yake hugeuka jelatini kwenye joto la chini ya hapo, mradi muda upo. Saa tatu hutosha.

Muda ndio ghali, kwa sababu muda ni makala. Hakuna mwanamke wa Bunia atakayenunua makala ya saa tatu kwa ajili ya maji ya mifupa, na mwandishi yeyote wa mapishi asiyelitaja hilo hajawahi kupikia mbabula. Mama hupika maharage kwanza, na yakishaiva sufuria ya mifupa hukalia makaa yaliyobaki.

Majirani hawakuielewa supu hiyo. Usiku wa Bunia una ubaridi, na asubuhi moja shoga yake alifunua sufuria akakuta juu utando wa mafuta ya manjano, na chini yake kitu kinachotikisika. "Imeganda! Imeoza hii, mwaga!" Alishikwa mkono kabla hajamwaga. Kilichoganda ndicho kilichotafutwa usiku kucha. Kikiwekwa motoni huyeyuka kikawa supu inayonata midomoni. Shoga huyo aliondoka na kikombe, akampelekea binti yake aliyekuwa amejifungua, na tangu siku ile ndoo ikawa na foleni.

Aina ya kuku nayo ilibadilika. Kuku wa nyama, anayechinjwa akiwa na wiki sita au saba, ana mifupa laini inayotoa jeli upesi lakini ladha yake ni hafifu. Sokoni akaingia na kuku wa mayai kutoka Uganda, yule aliyechoka kutaga, anayevushwa mpaka Mahagi akiwa kwenye matenga juu ya pikipiki na malori. Ukimchoma ni mgumu kama kandambili, ila mifupa yake ndiyo hasa ya supu. Wakati barabara ya taifa namba 27, inayounganisha Mahagi na Bunia, ilipokuwa ikishambuliwa na wapiganaji wa kundi la CODECO na magari kusindikizwa na askari, bei ya kuku huyo iliruka, na mifupa iliyokuwa ikitolewa bure jikoni ikaanza kuulizwa bei.

Magonjwa yalifanya kazi yake pia. Mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yaliripotiwa Ituri, upande wa Ziwa Albert, na kwa majuma kadhaa kuku alitazamwa kwa jicho baya, ingawa kirusi hicho hakihimili nyuzi 70 na sufuria inayotokota ilikuwa mahali salama kuliko banda. Kilichobadilisha desturi kweli kilikuwa Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 Kivu Kaskazini, ikafika Ituri, na kumalizwa Juni 2020. Kuku hakuwa na hatia yoyote katika Ebola. Ila ndoo za maji ya klorini zilisimama kila mlango, watu wakaacha kushikana mikono, na hakuna aliyeweza tena kukusanya mifupa iliyopita midomoni mwa wengine, hata kwenye harusi ya ndugu. Mama akageuza utaratibu: kuku anachambuliwa jikoni kabla ya kwenda mezani, mgongo na kifua vinabaki sufuriani, wageni wanapata nyama tupu. Wazee wawili watatu walinung'unika kwamba wamepewa kuku asiye na mifupa, kana kwamba wameibiwa.

Mbali na Bunia nako supu hii ilipata wateja: huko New York, Novemba 2014, mpishi Marco Canora alifungua dirisha la kuuzia supu ya mifupa katika vikombe vya karatasi, na watu wakapanga foleni kama ya kahawa. Tangu hapo supu hii imesifiwa kwa mengi, kuanzia magoti hadi ngozi. Ukweli ni mdogo kuliko sifa: kalsiamu inayotoka kwenye mifupa ni kidogo, hata ukitia ndimu, na jelatini ni protini isiyokamilika. Kwa mzazi mchanga au mtoto aliyetoka homa, faida yake ni maji, chumvi kidogo na hamu ya kula, na hayo si haba.

Hatari yake iko katika kuihifadhi. Supu iliyoachwa ipoe yenyewe katika sufuria kubwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, kisha huamka supu inapopoa. Mama huigawa katika vyombo vipana, huvikalisha ndani ya beseni la maji ya baridi, na asubuhi huichemsha upya kabla mtu hajaonja. Jokofu analo, linafanya kazi ya kabati, kwa kuwa umeme wa mtaani huja na kuondoka upendavyo.

Binti yake, aliyeajiriwa katika shirika moja mjini, haafikiani naye kwa mambo mawili. Anatia nusu kidonge cha Maggi, kwa siri isiyo siri. Na haichemshi tena kila asubuhi: huichemsha mpaka ibaki robo, huimimina katika vifuko vidogo, na kuipeleka kwa jirani mwenye jenereta na jokofu la kugandisha soda. Malipo ni kifuko kimoja katika kila vitano, na juzi jirani ameanza kudai viwili, akisema mafuta ya jenereta yamepanda.