Draiva Haitaki Hasira

Jumatatu ni siku yetu. Wanachama wako ofisini, mashine zinakata nyasi, na sisi makedi tunaobeba mifuko yao wiki nzima tunaruhusiwa kucheza mpaka saa sita. Hapo ndipo nilipojifunza gofu, mwaka uleule nilioacha chuo bila kumwambia mamangu.

Aliyenileta ni Anko, mdogo wake mama. Amebeba mifuko tangu kabla sijazaliwa. Nilipomwambia nimetoka mwaka wa tatu, kwamba karo iliisha na moyo ukaisha nayo, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Njoo kesho saa kumi na mbili asubuhi. Lakini mamako utamwambia mwenyewe." Nikaitikia. Sasa mchana nabeba mfuko, usiku naandikia watu makala. Kodi inalipika.

Fimbo ya kwanza aliyonipa ilikuwa chuma namba 7, na kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kushika nyingine. Ukisimama nayo, mpira uko karibu katikati ya miguu, umelala kwenye nyasi. Jambo ambalo kila mgeni hulikataa ni hili: ili mpira upande, lazima uugonge fimbo ikiwa bado inashuka. Inagusa mpira kwanza, halafu inachota kipande cha nyasi mbele yake. Uso wa fimbo umelala nyuma digrii 30 na kitu, kwa hivyo kuinua mpira ni kazi yake, si yako. Ukijaribu kuuinua kwa mikono, utapiga udongo na aibu utaisikia mpaka kwenye viwiko.

Nikaizoea. Nikaanza kujiona mtu. Ndipo Anko akanipa draiva.

Draiva ni mnyama mwingine. Ndiyo fimbo ndefu zaidi, kwa kawaida inchi 45 hivi, wakati namba 7 ni kama 37. Kichwa chake ni kikubwa, sheria inaruhusu hadi sentimita za ujazo 460, na uso wake umesimama karibu wima, digrii 10 hivi. Mimi nikasimama vilevile kama na chuma, nikashuka nayo kwa nguvu zangu zote. Fimbo ikaukata mpira kutoka nje kuja ndani, uso ukiwa wazi, na mpira ukapinda kulia hadi kwenye miti. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu nilipiga kwa hasira, nao ukaingia mitini haraka zaidi.

Kedi mmoja akaniuliza kama hiyo miti ni ya shamba letu.

"Umemkasirikia nani?" Anko akasema. Halafu akanipanga upya. Mpira akausogeza mbele, ukalingana na kisigino changu cha kushoto. Tii akaiinua hadi nusu ya mpira ikachungulia juu ya kichwa cha fimbo. Miguu nikaipanua, bega la kulia likashuka kidogo. "Sasa zungusha kama kawaida. Huyu ameshainuliwa. Unamgongea chini kwa nini?"

Ni hivyo tu. Mpira ukiwa mbele, fimbo inafika chini kabisa kabla ya kuukuta, inaanza kupanda, na inaugonga ikipanda. Kwa sababu ni ndefu, unasimama mbali zaidi na inakuzunguka badala ya kuanguka. Mzunguko ni karibu uleule. Kilichobadilika ni mahali uliposimama.

Nikapiga. Ule mpira ulienda, jamani.

Tukiufuata kwa miguu, Anko akanisimulia kuhusu Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978. Naye alikuwa kedi, na utotoni alijifunza ufukweni kwa fimbo moja tu, chuma namba 3. Nikangoja funzo la hadithi. Halikuja.

"Mamako umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Miezi kumi na minne. Kila akipiga simu, "Niko class, nitakupigia." Na wao kwenye chama walikuwa wameanza kuweka pesa za kukodi matatu ya kuwaleta Nairobi kwa mahafali yangu. Hotuba yangu ilikuwa tayari kichwani: karo, migomo, mhadhiri aliyepoteza alama zangu, serikali. Yote ya kushuka nayo kwa nguvu.

Jioni hiyo nilimpigia na nikaiacha hotuba. Nilisema, "Mama, shule niliacha mwaka jana. Karo iliisha, nikaogopa kukwambia. Niko na kazi."

Kimya. Nilisikia sufuria ikifunikwa.

"Mjomba wako anajua?"

"Anajua."

Akakata simu. Siku tatu hakupokea yangu wala ya Anko. Anko hakunilaumu, ila Jumanne na Jumatano alibeba mfuko wake bila kunisemesha, na nikajua nilimwazima siri isiyokuwa yake.

Alhamisi mama alipiga mwenyewe, saa ya chai.

"Hiyo kazi ya mifuko. Ni mizito?"

"Kiasi, mama."

"Na wanawapa chakula?"

Nikamwambia tunanunua chapati na madondo pale geti. Akasema sawa. Pesa za matatu hakuzitaja, na mimi sikuuliza.

Draiva bado inanishinda. Katika mipira mitatu, mmoja huingia kwenye ile miti.