Kope za Gari

Gari la kwenda porini husifiwa kwa nguvu zake, lakini watu waendao kwa miguu hawana haja ya kujua injini yake ni kubwa kiasi gani. Wao hutazama jambo moja tu: limewapita na kuwaacha safi, au limewapita na kuwapaka matope. Kwa sababu hiyo nataka kumweleza msomaji habari za kitu ambacho aghalabu huhesabiwa kuwa pambo la vijana, yaani ukingo unaofungwa juu ya tao la gurudumu ili tairi lisitokeze nje ya bodi.

Kazi yangu ya kukusanya maneno hunipeleka katika milima ya Uluguru mara mbili au tatu kwa mwaka. Njia za huko ni nyembamba. Upande mmoja umesimama mlima, upande wa pili umefunguka bonde, na mwenye miguu hana pa kujitenga gari linapopita. Masika, udongo mwekundu hugeuka kuwa uji mzito. Gari langu lilinifikia likiwa na magurudumu mapana, chaguo la mwenyewe wa kwanza, nayo yalitokeza kiasi cha inchi mbili kila upande. Sasa fikiri, msomaji: mzee ninayemwendea kumwomba maneno aliyorithi kwa babu zake, nitamwamkiaje shikamoo hali kanzu yake imekwisha kupakwa tope na gari langu? Maneno hayo si mali ya kudaiwa. Hutolewa kwa radhi, na radhi huanza kutafutwa njiani, kabla ya mgeni kufika barazani.

Tope haliruki ovyo. Hushikwa na meno ya tairi, likapandishwa, kisha likaachiwa kwenda kwa mstari ulionyooka kutoka pale lilipobandukia. Likiachiwa karibu na juu ya gurudumu hutupwa mbele. Likiachiwa nyuma hupanda juu. Madigadi imewekwa ili ilizuie, lakini haiwezi kuzuia kisichokuwa chini yake. Zile inchi mbili zilizotokeza zilikuwa zinatupa tope na vijiwe kwa uhuru kamili, juu ya milango, juu ya kioo, na juu ya yeyote aliyekuwa kando.

Dukani niliambiwa kwamba kingo nne za plastiki, zilizotoka ng'ambo, ni shilingi 900,000. Sikustaajabu sana, kwa kuwa kitu chochote kinachohusu magari ya namna hii huuzwa kana kwamba kila mnunuzi ni mtalii. Nikakumbuka historia ya Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Mwaka 1983 ilipotolewa ile iitwayo One Ten, ekseli zake zilikuwa pana kuliko za zamani, na magurudumu yakachomoza nje ya ubavu wa bodi. Waundaji hawakufinyanga bodi upya. Walifunga vipande vyeusi vya plastiki juu ya matao, na gari likasifiwa dunia nzima likiwa na viraka vyake. Nikaona kwamba kama kiwanda kikubwa hakikuona haya kutia kiraka, mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kuona haya.

Nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona katambuga. Mtu aliyekata matairi miaka mingi kwa ajili ya miguu ya watu anaujua mpira kama mshonaji ajuavyo kitambaa. Nilipomweleza haja yangu hakutaka mchoro. Aliinama, akapima tao kwa shubiri, akasema, "Mwalimu, hapa tunataka ubavu wa tairi la lori. La nyuzi, si la waya."

Maneno yake yalikuwa na hekima kuliko nilivyodhani. Ubavu wa tairi umekwisha kupinda duara tangu kiwandani, tena una tumbo. Ukiutenga na sehemu ya kukanyagia, ukauondoa ule mdomo wa ndani wenye pete ya waya, unabaki na duara la mpira ambalo ukingo wake mpana unaweza kulala juu ya bodi, na tumbo lake likatokeza nje kulifunika gurudumu. Tairi moja lina mbavu mbili, na kila ubavu ukikatwa nusu hutoa matao mawili. Basi tairi moja chakavu la lori, lenye kipenyo cha kama mita moja, lilitosha magurudumu yote manne. Fundi alipitisha kipande cha sumaku juu yake kuhakikisha kwamba hakuna waya uliojificha, kwa maana waya hula kisu na baadaye huota kutu ndani ya mpira.

Kukata kulichukua asubuhi nzima. Kwanza tulikata vielelezo vya boksi, tukavijaribu juu ya matao na kuvisahihisha, ndipo chaki ikapita juu ya mpira. Kisu kilichovywa katika maji ya sabuni kilikwenda kwa ulaini nisioutazamia; kikavu kingalikwama kila kidole. Chini ya mpira tuliweka utepe wa bati ili jua lisiulegeze ukaning'inia. Matundu ya bodi tuliyatoboa kila baada ya nusu shubiri, na kila tundu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijapita. Nasisitiza jambo hili kwa wakaao pwani: hewa ya chumvi haisamehe chuma kilicho uchi, hata kama uchi wenyewe ni wa upana wa punje ya mtama. Kabla ya kukaza nati, fundi aliamuru usukani uzungushwe mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, watu wanne wakiwa wamekaa upande mmoja ili springi zibonyee. Tairi halikugusa.

Hesabu yote ilikuwa hivi: tairi 20,000, bolti na washa 18,000, rangi 12,000, ujira 60,000, jumla shilingi 110,000.

Nilikuwa nimelipima gari kabla ya kwenda kwa fundi, nikalipima tena baadaye kwa namna ile ile. Shuka jeupe lilitundikwa juu ya miti miwili, hatua moja na nusu kutoka kwenye njia yenye tope, na mwenzangu akaendesha kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza madoa yalifika kimo cha kifua changu. Mara ya pili hayakupita goti. Hayo yaliyobaki chini hayakuwa tope la kurushwa, bali maji ya dimbwi yanayokamuliwa na tairi yakatoka kwa ubavu, na hakuna mpira, wa lori wala wa ng'ambo, unaoweza kuyazuia. Dawa yake imo katika mguu wa dereva: apunguze mwendo.

Lilibaki suala la jina, na msomaji hatashangaa kwamba lilinisumbua kuliko bei. Madigadi ni neno la kufikia lililokwisha kuzoea, lakini hiki kilichofungwa pembeni yake tukiiteje? Nilikuwa na majina mawili matatu ya kitabuni, yote marefu. Nilipoomba stakabadhi, fundi aliandika bila kufikiri: "Kope za gari, 4." Nikaziweka zile zangu mfukoni.