Kunakili folda kwa Ant, na saa iliyorudi 2002

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi zilinizidi. Juzi kijana mmoja anayejifunza Java aliniuliza: "Kaka, ninakilije folda nzima na vilivyomo kwa Ant?" Swali dogo, jibu lake ni mistari mitatu. Ila mistari hiyo hiyo ilikaribia kumfukuzisha mtu kazi huko Changamwe mwaka 2008, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Kwa wasioijua, Ant (yaani sisimizi) ni zana ya kuundia programu. Aliianzisha James Duncan Davidson wakati akishughulikia Tomcat katika kampuni ya Sun, na mwaka 2000 ikaanza kutolewa peke yake. Unaiandikia kazi zake katika faili inayoitwa build.xml, nayo inazifuata. Wengi sasa wamehamia Maven na Gradle, lakini build.xml za zamani hazijafa, na wewe unayeajiriwa leo unaweza kukabidhiwa moja kesho. Haya, jibu ndilo hili:

<copy todir="kazi">
  <fileset dir="chanzo"/>
</copy>

Hapo kila kilichomo ndani ya "chanzo" kinaingia "kazi", pamoja na folda za ndani kwa ndani, hata zilizo tupu. Angalia vizuri: kinachonakiliwa ni vilivyomo, si folda yenyewe. Ukitaka folda yenyewe ionekane kule iendako, panda ngazi moja juu: dir iwe folda mama, kisha uongeze includes="chanzo/". Wanaoanza wote hujikwaa hapo, na mimi nilijikwaa. Folda za CVS na .svn Ant inaziruka bila kuambiwa. Na kama uko kwenye Linux, ruhusa za faili hazisafiri. Skripti iliyokuwa ikiendeshwa itafika haiendesheki.

Sasa lile lililoniuma. Ant hainakili kila kitu kila mara. Inalinganisha tarehe: kama faili ya chanzo ni mpya kuliko nakala iliyoko kule, inanakili; kama nakala ndiyo mpya, inaiacha. Ni akili nzuri, inaokoa muda. Lakini inaamini saa ya kompyuta kabisa kabisa.

Na saa yangu mimi! Nilikuwa nikikaa Bakarani, Kisauni, na kompyuta ya mezani ya mtumba. Ile betri ndogo ya duara inayolinda saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila stima zikipotea na kurudi, kompyuta inaamka ikidai ni tarehe 1 Januari 2002. Nilizoea. Siku nikikumbuka naiweka sawa, siku nisipokumbuka naendelea na kazi zangu.

Mteja wangu alikuwa na ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yenyewe iko Changamwe. Nilimwandikia programu ya ankara. Bei zote za kubebea kontena zilikaa katika faili moja ya maandishi ili iwe rahisi kuzibadilisha. Mwaka ule 2008 mafuta yalipanda vibaya. Julai pipa lilifika dola 147 katika soko la dunia, na wenye malori hawakungoja kuambiwa. Mzee akaniita: "Kijana, kuanzia Jumatatu bei ya lori ni mpya. Na uniwekee karatasi ya masharti nyuma ya ankara."

Nikarudi nyumbani na matatu kupitia Kibarani (enzi hizo jaa la taka bado liko pale, abiria wanafunga madirisha bila kuambizana), nikavuka daraja la Nyali, nikafika nikakuta giza. Stima ziliporudi usiku nikakaa kazini na usingizi wangu. Nikabadilisha bei. Nikaandika karatasi ya masharti. Nikaiendesha Ant. Ikasema "Copying 1 file", halafu BUILD SUCCESSFUL. Mimi jicho langu likaenda kwenye ile SUCCESSFUL. Faili nilizogusa zilikuwa mbili!

Ile ya masharti ilikuwa mpya, haikuwa na mwenzake kule, ikapita. Faili ya bei ilikuwa na tarehe ya 2002, na nakala iliyokuwa ikiingoja ilikuwa ya Aprili 2008. Ant ikaona ya zamani inataka kufuta mpya, ikakataa, tena kimya. Ajabu ni kwamba faili ikiwa na tarehe ya mbele Ant hukuonya. Ya nyuma haina neno nayo, na kwa kweli haiwezi kujua. Asubuhi nikapeleka folda kwa flashi, ankara ya kwanza ikatoka na masharti yake nyuma, Mzee akafurahi, tukaagana.

Wiki tano baadaye simu ikaja. Ankara zote zilitoka kwa bei ya zamani, na tofauti ilikuwa ikitoka mfukoni mwa Mzee. Nilipofika, dada aliyekuwa karani amekaa pembeni macho mekundu. Ilishasemwa kwamba alirudisha bei chini makusudi, akagawana na wateja. Mzee akaniuliza, "Faili hii mtu anaweza kuifungua akabadilisha?" Nikajibu ndiyo, maana ni kweli, ni maandishi tu. Na hapo nikanyamaza. Kimya kile nakikumbuka kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kwa dakika mbili tatu hivi mimi pia niliamini ni yeye.

Kilichomwokoa ni flashi yangu, ambayo sikuwa nimeifuta. Nikaichomeka nionyeshe bei mpya niliyoleta mimi. Nikafungua. Bei ya zamani. Nikaifungua tena, kama mjinga. Ikabidi niseme mbele ya watu wote kwamba dada huyu hakugusa kitu.

Malipo yangu ya kazi ile sikuyadai. Betri, ile ya CR2032, nilinunua siku hiyo hiyo kabla sijafika nyumbani. Na build.xml yangu ikabadilika hivi:

<copy todir="kazi" overwrite="true">
  <fileset dir="chanzo"/>
</copy>

Sasa inanakili kila kitu bila kuuliza tarehe. Kwa folda ndogo hutahisi tofauti. Kama folda yako ni kubwa, ndani ya fileset ongeza <different targetdir="kazi"/>, italinganisha yaliyomo na kupeleka zilizobadilika tu. Ukitaka kuona Ant imeacha nini, iendeshe kwa ant -v, itakutajia faili moja moja. Kuna pia sync, ambayo hufuta kule kila kisichokuwepo kwenye chanzo; usiielekeze hata siku moja kwenye folda yenye data za mteja. Gradle yenyewe hupima yaliyomo kwenye faili badala ya kuamini saa, na hapo wamenifurahisha.

Yule dada aliendelea na kazi yake. Toka siku ile, nikipeleka chochote kipya, alinisimamisha mlangoni, akafungua faili ya bei mwenyewe, akaisoma kwa sauti mpaka mstari wa mwisho, ndipo akatia sahihi.