Pumzi ya Iten

Nilipompigia simu bibi kumwambia kuwa chuo kinatupeleka Iten, aliniuliza kwa utani wa bibi na mjukuu, “Ndiko mtakakofunzwa mbio, mume wangu?” Nikamjibu tunakwenda kujifunza jinsi mwili unavyokwenda. Akanyamaza. Tangu apate kiharusi anaburura mguu wa kushoto, na siku aliporuhusiwa kutoka hospitalini hakuna aliyemwonyesha namna ya kuinuka kitini. Alipewa dawa, akarudishwa nyumbani. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kinesiolojia, sayansi ya mwendo wa mwili, ingawa jamaa zangu mpaka leo wanadhani nasomea mpira.

Tulitoka Nairobi usiku kwa basi, alfajiri tukawa Eldoret, tukapanda matatu. Kilomita thelathini na kitu, baridi ikipenya dirishani, kisha lile tao la barabarani linalotangaza kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Mimi mtoto wa Mombasa nilishuka nikapanda kilima kidogo tu, pumzi ikaniishia. Nikitulia kwetu, moyo hupiga mara 66 kwa dakika. Pale nilihesabu 82, nami nimeketi. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawa na kwetu. Kilichopungua ni shinikizo la hewa linaloisukuma iingie kwenye damu. Figo zikihisi upungufu wa oksijeni kwenye damu hutoa homoni ya kuuhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani. Kuyasikia kifuani mwangu ni jambo jingine.

Siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, tulisimama kando ya barabara ya udongo mwekundu. Nyayo ndizo zilizotangulia kusikika, kabla hatujaona mkimbiaji. Mwalimu alituambia tuziache nyuso, tutazame kuanzia goti kwenda chini: shavu la mguu jembamba, kano ya kisigino ndefu. Mguu mwepesi kwa chini haugharimu nguvu nyingi kuurusha mbele, na ile kano huvutika ikarudi kama mpira wa manati.

Tulipita pia shule ya St. Patrick's, alikofika Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaja kuwa kocha wa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Wenzangu wawili waliamua papo hapo kwamba watakuwa makocha.

Mimi nilikwama kwenye chumba kidogo cha mtaalamu wa fiziotherapia. Mkimbiaji mwenye kano inayouma alisimama kwenye ngazi kwa ncha ya mguu, akashusha kisigino polepole, polepole mno, mpaka kikapita chini ya kidato. Mara 15, apumzike, seti tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Utaratibu huo uliandikwa na daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Vifaa vyake ni ngazi na subira.

Nilimuuliza yule mtaalamu kama digrii yetu ingeniweka kwenye nafasi yake. Akanieleza waziwazi kuwa haitoshi: fiziotherapia ina masomo yake na leseni yake, na anayeitaka aulize kabla ya kujisajili. Lakini alinihesabia milango mingine: kufundisha elimu ya viungo, kusimamia mazoezi ya wagonjwa wa moyo na kisukari, kuwafunza wapagazi na wauguzi kunyanyua mizigo bila kuumia mgongo. Huko kuna watu wengi kuliko uwanjani, na ndiko ninakotaka kwenda.

Jioni nilimpigia mama, nikamwomba apime kiti cha bibi. Akapima kwa mkono: shubiri moja na nusu.

“Ni kifupi, mama. Mtafutie kirefu zaidi, chenye mikono. Na miguu airudishe nyuma kabla ya kuinuka.”

“Ngoja,” akasema, na nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni.